Picha za mandhari ndani na nje kidogo ya jiji la Nairobi
Mkazi wa Kibera au Kawangware mwenye simu hahitaji safari ndefu kupata mandhari ya kupiga picha. Kutoka Barabara ya Ngong, matatu za nambari 111 hufika mji wa Ngong, chini ya Milima ya Ngong yenye kimo cha takriban mita 2,460. Kutoka juu ya milima hiyo, magharibi huonekana Bonde la Ufa. Mashariki, jiji la Nairobi. Asubuhi jua huwa mgongoni mwa anayetazama bonde, hivyo miteremko hutoka wazi. Alasiri mwanga huangukia upande wa jiji. Mitambo ya umeme wa upepo iliyoko milimani huonyesha ukubwa wake mtu akisimama karibu nayo.

Ndani ya jiji lenyewe, Karura, msitu uliotetewa na mwanamazingira Wangari Maathai dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990, una maporomoko ya maji na mapango. Chini ya miti, mawingu ni afadhali kuliko jua kali, ambalo huacha mabaka meupe kwenye picha. Povu la maji likikosa umbo, huguswa kwenye kioo cha simu, kisha mwangaza hupunguzwa. Kabla ya yote, lenzi hufutwa kwa kitambaa laini, kwani alama ya kidole hutia picha ukungu.