Diski Inapogoma Kusomeka

Ujumbe wa "A disk read error occurred" hutokea kama mstari mmoja mweupe juu ya skrini nyeusi, na chini yake agizo la kubonyeza Ctrl, Alt na Del ili kompyuta ijaribu kuwaka upya. Wenye kompyuta za enzi za Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001, wanaujua vizuri. Huandikwa na kijiprogramu kidogo kilichohifadhiwa mwanzoni kabisa mwa sehemu ya diski yenye Windows, ambacho huamka kabla ya Windows yenyewe. Kimeomba data, kikajibiwa kuwa imeshindikana. Hakijui kama ugonjwa uko ndani ya diski, kwenye waya, kwenye umeme au kwenye ubao mkuu. Ndiyo maana mtu anayekimbilia dukani mara tu aonapo maneno hayo anaweza kuitupa diski isiyo na hitilafu yoyote.

Diski za kompyuta hizo zina sahani ngumu zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa hewa ya mzunguko, katika nafasi iliyo ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Data hukaa katika vipande viitwavyo sekta, kila kimoja baiti 512 katika diski za zamani, pamoja na hesabu ya kuhakiki kilichoandikwa. Hesabu isipolingana, diski husoma tena, na tena. Wakati huo kompyuta huganda, kishale cha mausi hakisogei, na taa ya diski huwaka bila kupepesa. Mara nyingi dalili hiyo hutangulia ujumbe wa skrini kwa siku nyingi, lakini watu huichukulia kuwa ni uzee wa mashine tu.

Kipimo cha kwanza ni sikio. Diski inayogonga tak, tak, tak kwa mpangilio, au inayokwaruza, ina tatizo la kimakanika. Izimwe hapo hapo. Kila dakika diski inapoendelea kuzunguka, kichwa kilichoharibika kinaweza kukwangua utando wenye picha za familia na hesabu za duka, na kilichokwanguliwa hakirudishwi na fundi yeyote.

Diski isiyopiga kelele ichunguzwe kuanzia nje. Kompyuta ichomolewe kwenye umeme, kisha waya wa data uchomolewe na kurudishwa pande zote mbili hadi ukae sawasawa. Katika mashine zinazotumia IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski, waya huo ni bapa na mpana, wenye tundu 40, na huweza kukunjika au kulegea sanduku linapofunguliwa. Kama upo wa akiba, ubadilishwe. Pawasaplai nayo itazamwe: kapasita iliyovimba kichwani, hata kwenye ubao mkuu, huifanya diski ikose umeme ulio tulivu. Betri ndogo ya duara, CR2032 yenye volti 3, ikifa, kompyuta husahau saa, na pamoja na saa husahau mipangilio ya namna ya kuifikia diski. Betri ya bei ndogo imekwisha kuzisingizia diski nyingi. RAM mbovu huweza kutoa dalili zilezile, na programu ya Memtest86+ huibaini.

Baada ya hapo diski iulizwe yenyewe. Diski hizi huweka kumbukumbu ya afya yake iitwayo SMART, inayosomwa na programu za bure kama CrystalDiskInfo. Katika kumbukumbu hiyo, namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, na namba 197 zile zinazosubiri kuamuliwa. Zikipanda, diski inakufa. Ikipanda namba 199 peke yake, shaka kubwa iangukie waya, kwa kuwa inahesabu data iliyoharibika njiani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huona diski inayumba, wakaendesha chkdsk /r. Amri hiyo hupitia kila sekta kwa saa kadhaa, hulazimisha kichwa kurudi palepale palipoharibika, na katika kurekebisha mpangilio huweza kuvunja faili ambazo bado zilikuwa zinaokoleka. Nakala itangulie. Diski ifungwe kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, na faili muhimu zianze kunakiliwa; au itumike programu ya ddrescue katika Linux, ambayo huchukua kwanza maeneo mepesi, huruka magumu na kuyarudia mwishoni, huku ikiandika ilipofika ili kazi ikikatwa na umeme isianze upya.

Nakala ikishakamilika, chkdsk ina nafasi yake. Na kama sekta ni salama ila mwanzo wa diski ndio umeharibika, CD ya Windows XP ina amri za fixboot na fixmbr zinazouandika upya kwa dakika chache. Lakini diski ambayo namba 5 au 197 inaongezeka wiki hadi wiki isirudishiwe kazi ya kuhifadhi kitu chochote, hata kama leo imewaka bila malalamiko.