Nyumba Kubwa Isile Chakula cha Watoto

Je, umewahi kuingia katika nyumba mpya yenye bati linalong'aa, ukamkuta mwenye nyumba akiazima kibaba cha mchele kwa jirani? Mpendwa mama, mwenye nyumba huyo nilikuwa mimi.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili hapa Ifakara, na watoto watano. Binti yetu mkubwa alikuwa ameanza kuona haya kulala chumba kimoja na kaka zake, kwa hiyo haja ya nyumba kubwa ilikuwa ya kweli. Mwezi Juni tuliuza karibu mpunga wote tukanunua mabati. Septemba tukahamia. Majirani walikuja kutupongeza, tukaimba na kumshukuru Mungu.

Ilipofika Februari, ghala lilikuwa tupu. Nilinunua mchele sokoni kwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile tuliyouzia, tena kwa mkopo. Jioni moja mtoto wetu wa tatu akaniuliza, "Mama, hatuwezi kurudi kule kwenye nyumba ndogo? Kule tulikuwa tunashiba."

Neno lile lilinichoma moyo. Tangu siku hiyo mimi na mume wangu tulijifunza upya namna ya kushika fedha za nyumba yetu.

Fedha zetu huja mara moja

Mtu mwenye mshahara hupata kila mwezi. Lakini familia nyingi za bonde la Kilombero huishi kwa mpunga, na wengi wa upande wa Kidatu huishi kwa miwa wanayouza kiwandani. Fedha hizi huja kwa mkupuo, kisha miezi mingi hupita bila kitu.

Wakati wa mavuno kila mtu anauza, kwa hiyo bei huwa chini. Miezi ya mvua kila mtu ananunua, na bei hupanda. Tena miezi hiyohiyo ndiyo ya gharama: kulima, palizi, malaria ya watoto. Wengi wetu wakati huo tuna makazi mawili, moja mjini na dungu kule shambani tunakofukuza ndege na nguruwe pori. Makazi mawili ni majiko mawili, na chumvi ya sehemu mbili. Anayepanga kujenga bila kuihesabu miezi hiyo anajidanganya.

Kaeni chini kabla ya kuchimba msingi

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akapiga hesabu, asije akaishia msingini na kuchekwa. Wazee wetu nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nunueni daftari. Mkae wawili, baba na mama, watoto wakiwa wamelala, na muandike kwa magunia, maana ndiyo hesabu tunayoielewa. Tuseme familia ya watu saba imevuna magunia 40 ya mpunga:

Chakula cha mwaka mzima, magunia 12.
Mbegu ya msimu ujao, magunia 2.
Kulima, palizi na vibarua, magunia 12.
Shule, matibabu, sadaka na dharura, magunia 6.

Jumla ni magunia 32. Yaliyobaki ni 8, na hayo 8 ndiyo nyumba. Familia yako huenda ikawa na hesabu nyingine, lakini utaratibu ni huo: chakula kwanza, nyumba mwisho. Ni kweli, ada katika shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa, lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa.

Magunia ya chakula yashoneni na kuyaweka kando. Yasiguswe kwa ajili ya saruji wala bati. Na kamwe msiuze mpunga ungali shambani ili mpate fedha ya fundi. Anayenunua mpunga mbichi hununua pia shida yako, naye hupanga bei kwa kuitazama shida hiyo.

Kila kitu na msimu wake

Magunia 8 hayajengi nyumba kwa mwaka mmoja. Jengeni kwa misimu, haba na haba.

Kiangazi ndicho wakati wa matofali. Udongo hukauka vizuri, na pumba za mpunga za kuchomea zipo. Uzeni sehemu ya yale magunia 8 mfyatue na kuchoma matofali kabla mvua hazijaanza, maana tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Magunia mengine yasubiri bei ipande, kisha nunueni mabati, ambayo hayaozi yakitunzwa pakavu. Saruji iwe ya mwisho, fundi akiwa tayari, kwa sababu ikikaa katika unyevu wa bonde letu huganda mfukoni.

Kama uko katika kikundi cha VICOBA, weka hisa zako kwa shabaha. Mnapogawana mwishoni mwa mwaka, fedha hiyo iende kwenye mahitaji ya shule ya Januari, ili baba asilazimike kuuza mpunga wa chakula.

Nyumba nayo hula

Kosa letu jingine lilikuwa kuhesabu gharama za kujenga tu. Hatukuhesabu gharama za kuishi. Vyumba vinne vinataka taa nne, na LUKU ikaisha upesi. Tulipopanga, kisima kilikuwa uani. Kwetu kupya nilinunua maji kwa ndoo. Shule ikawa mbali, ikabidi kulipa bodaboda. Na nyumba kubwa huvuta wageni. Kuwapokea ndugu ni baraka, lakini baraka hiyo nayo hula, basi iandikeni daftarini.

Kabla ya kununua kiwanja, ulizeni wazee wa mtaa maji hufika wapi Mto Lumemo unapofurika. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliingia katika nyumba za watu wengi hapa Ifakara. Kiwanja cha bei rahisi bondeni huenda kikawa ghali kuliko vyote.

Nyumba ni ya nani?

Akina mama wengi tunaona haya kuuliza jambo hili, lakini si utovu wa adabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ni vizuri zaidi hati za kiwanja ziandikwe majina ya wote wawili tangu mwanzo, mkiwa bado mnapendana na kuelewana. Tunzeni risiti zote mahali pamoja, na kila mmoja apajue.

Mwanzo mpya

Msimu uliofuata tulishona magunia ya chakula kwanza. Dari hatukuweka, na sakafu ya chumba cha wavulana ilibaki ya udongo kwa misimu miwili. Waliotutembelea waliona, na wengine walisema. Tuliwaacha waseme.

Februari ilipofika nilifungua gunia, nikakoboa, nikapika. Mtoto wetu wa tatu alikula akaongeza, kisha akajinyoosha palepale kwenye udongo akalala. Hakuuliza tena habari za nyumba ndogo.

Mpendwa mama, kama mavuno yako yako ndani leo, usianze na fundi. Anza na daftari na sindano ya kushonea magunia.