Yule Mwanamke wa Ukutani

Jumamosi moja tulitembea kutoka Raleigh hadi Rockey Street, hapa Yeoville, tukitaka kuhesabu sura za wanawake kwenye vibao vya saluni na matangazo ya vipodozi. Tulichoka kabla barabara haijaisha. Karibu wote ni weupe kuliko mtu yeyote aliyekuwa akipita chini yao, nywele zimelala hadi mabegani, wanamtazama mpita njia kama wanamdai.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo kopo la mkorogo lilifichwa nyuma ya sabuni, kwa hiyo sura hizo si ngeni. Wala biashara hiyo si ngeni katika nchi hii. Miaka ya 1950 na 1960 jarida la Drum lilikuwa na matangazo mengi ya krimu za kung'arisha ngozi, wakati ule ule ambapo sheria za ubaguzi zilikuwa zikiwapanga watu kwa rangi. Zebaki ilipigwa marufuku katika vipodozi mwaka 1975. Mwaka huo huo daktari George Findlay na wenzake walieleza jinsi krimu za haidrokwinoni zilivyowaachia watumiaji mabaka meusi usoni. Hata hivyo ilipita miaka 15 mingine. Mwaka 1990 ndipo serikali ilipotoa kanuni za kuzuia haidrokwinoni katika vipodozi, na pia za kuzuia tangazo la kipodozi kudai kwamba kinachubua ngozi au kuifanya nyeupe.

Hapo tukabishana. Mmoja wetu alisema basi, sheria imemaliza kazi. Wengine tukamwonyesha makopo: sasa yameandikwa "ng'ara" na "sawazisha rangi". Maneno ndiyo yaliyokatazwa. Mwanamke aliyechorwa pembeni bado anasema yale yale. Kumbukeni pia Septemba 2020, tovuti ya maduka ya Clicks ilipoweka picha za TRESemmé: nywele za wanawake Weusi zikaelezwa kuwa kavu na zilizoharibika, za Mzungu zikaitwa za kawaida. Watu waliandamana, na maduka mengi yakafungwa.

Tuliingia kwa mama mmoja msusi, tukamwamkia, tukamuuliza kuhusu kibao chake.

"Wanangu, mimi sikukichora. Nilikikuta hapo. Nikiweka picha ya mama kama mimi, nani ataingia?"

"Sisi tungeingia, Mama."

Akacheka hadi akaweka kitana chini. "Nyinyi? Mlishaingia mara ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Wawili wetu walikuwa wamevaa mawigi yaliyonyooka, na mmoja wao aliyanunua duka la pili kutoka pale. (Amekubali tuandike hivyo, mradi tuseme kwamba wigi lilimpendeza. Lilimpendeza.)

Tuliporudi chuoni tulikuta bango la usiku wetu wa utamaduni bado liko mlangoni. Mwanamke amevaa kanga, anamimina chai, anatabasamu. Mwanamume ameketi, ameshika kitabu. Tulilichora wenyewe, tukalipitisha kwenye mkutano, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mwalimu wetu naye alilisifia.

Tunalichora upya Alhamisi baada ya kipindi. Bado hatujakubaliana nani ashike birika, na wapo wanaotaka liondolewe kabisa. Mwenye kujua kuchora aje na penseli.