Kocha hupimwa kwa muda aliopewa

Leopards, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifungwa, mashabiki wa Butembo na Beni humsema kocha kabla ya filimbi ya mwisho. Wakishinda, sifa zote humwendea mfungaji. Anayetaka kumpima kocha kwa haki aulize kwanza: wachezaji aliwapata wapi, na alikaa nao kwa muda gani?

Tuanze na Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyeipa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, Kombe la Afrika mwaka 1974 huko Misri. Kikosi chake chote kilicheza nyumbani, kwa hiyo aliweza kuwaita kambini bila kubembeleza klabu za Ulaya. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa. Miezi mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia, Zaire ilikutana na Yugoslavia. Mabao 3 yalipoingia, Vidinić, aliyekuwa kipa enzi zake, alimtoa kipa Kazadi Mwamba dakika ya 21 na kumwingiza Tubilandu Ndimbi. Mechi ikaisha 9-0. Kwa kuwa alicheza na nchi yake, minong'ono haikukosekana. Lakini wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba waliingia uwanjani na kinyongo cha fedha walizoahidiwa wasipewe. Hapo kocha gani angefua dafu?

Florent Ibenge alipata muda kwa njia nyingine. Alipochukua Leopards mwaka 2014 alikuwa pia kocha wa AS Vita Club, hivyo sehemu ya wachezaji wa ndani aliwaona mazoezini siku hadi siku. Mwaka 2015 timu ilishika nafasi ya tatu Afrika, na mwaka 2016 ikatwaa CHAN mjini Kigali kwa kuichapa Mali 3-0. CHAN ni ya wanaocheza ligi za nchi zao. Hapo ndipo kocha anayeijua ligi ya nyumbani anapovuna.

Héctor Cúper, Muargentina mwenye jina kubwa, alidumu takriban mwaka mmoja tu. Alipoondoka mwaka 2022, timu ilikuwa imepoteza mechi mbili za kwanza za kufuzu Kombe la Afrika. Sébastien Desabre, ambaye jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasindi walimjua alipofundisha Uganda Cranes, aliipokea hivyo hivyo na kulimaliza kundi kileleni. Wachezaji wake wengi wako Ulaya, naye huwapata siku chache tu kwa kila kipindi cha kalenda ya FIFA. Muda wake ni miaka: kuita watu wale wale na kurudia mpango ule ule. Mwaka 2024, kwenye Kombe la Afrika, waliitoa Misri kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi akipiga ya mwisho mwenyewe, wakafika nusu fainali.

Somo hili linazihusu pia klabu na shule zetu. Kabla ya kumfukuza kocha, kamati ijiulize: timu hufanya mazoezi mara ngapi kwa wiki? Nani hasa huchagua kikosi, kocha au mfadhili? Posho zimelipwa? Majibu yakiwa mabaya, kocha wa tano atashindwa pale pale aliposhindwa wa nne.