Kabla hujalipia viti vya ofisi, shika mikono yake

Kiti ninachokalia nikiandika makala haya kilikaa miezi minne na mkono mmoja. Mkono wa kulia uling'oka asubuhi moja niliponyanyuka kupokea simu, nikabaki nimeushika kama mpini uliochomoka kwenye jembe. Nilipopata nafasi nilikipeleka kwa fundi wa samani Keko, Dar es Salaam, bolti zote tatu zikiwa ndani ya bahasha, maana nilikuwa na hakika tatizo ni bolti.

Fundi alikipindua kiti miguu juu, akaangalia kwa muda. "Kaka, bolti hazina kosa," akaniambia. "Angalia ubao."

Chini ya sponji kulikuwa na plaiwudi nyembamba. Zile nati zenye meno, ambazo hugongewa ndani ya ubao ili bolti zipate pa kushika, zilikuwa zimeng'oka pamoja na vipande vya mbao. Mkono wenyewe, na kitufe chake cha kuupandisha na kuushusha, ulikuwa mzima kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipindua viti. Nimepindua vya marafiki, vya madukani, na kimoja cha benki ambapo mlinzi aliniuliza ninatafuta nini. Nilichojifunza kinamhusu zaidi mtu anayenunua viti hamsini kuliko mimi niliyekuwa na kimoja.

Kwa mfanyakazi wa ofisini, mkono wa kiti ukivunjika ni kero. Kwa mfanyabiashara anayenunua Kariakoo na kushusha Bujumbura, au anayepakia Nairobi na kuvusha Malaba kwenda Kampala, ni hesabu nyingine. Samani ni miongoni mwa bidhaa ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizipandisha hadi daraja la ushuru la asilimia 35 kuanzia Julai 1, 2022. Nchi moja moja huomba nafuu zake mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kiwango cha leo muulize wakala wako wa forodha. Ukishalipa ushuru, kodi ya ongezeko la thamani, gari na wapakiaji, kipande cha plastiki kilicho chini ya kiwiko cha mteja kinakuwa miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa ndani ya katoni. Ndicho hicho kinachoweza kuifanya ofisi irudishe mzigo mzima, wakati wewe huwezi kuurudisha Guangdong.

Hapo kuna jambo la pembeni ambalo wengine hulijulia mpakani: kuvuka Kobero hakukigeuzi kiti cha China kuwa cha Afrika Mashariki. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kiti kilichotengenezwa Gikomba au Keko kina njia yake, na kilichoshuka bandarini kina yake.

Kiwiko ndicho kipimo

Mbunifu wa mkono wa kiti huanza na kiwiko, plastiki huja baadaye. Mtu akikaa wima, mabega yameshuka na mikono imekunjwa, kuna umbali kutoka juu ya kiti hadi chini ya kiwiko chake. Mkono wa kiti ukizidi hapo, bega linasukumwa juu na shingo huanza kuuma. Ukipungua, mtu hulalia upande mmoja akiufuata.

Jeshi la Marekani lilipima askari wake mwaka 1988. Ukiwaacha watano katika kila mia wenye vipimo vidogo kabisa kwa wanawake, na watano wenye vikubwa kabisa kwa wanaume, umbali huo ulianzia takriban sentimita 17.6 na kuishia takriban 27.4. Tofauti inakaribia sentimita 10. Wateja wetu si askari wa Marekani, lakini tofauti ya mtu na mtu ipo kila mahali. Tena urefu wa mtu haukupi jibu. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kuwa na kiwiko kilicho chini kuliko cha jirani yake mfupi. Ndiyo maana mkono usiopanda wala kushuka humfaa aliyebahatika na kuwaudhi wenzake.

Kisha kuna meza, ambayo muuzaji wa viti huisahau kwa urahisi. Chukua meza ya sentimita 74 yenye ubao wa unene wa sentimita 3. Chini yake inabaki nafasi ya 71. Kiti kikiwa sentimita 46 kutoka sakafuni, na mkono umesimama sentimita 25 juu ya kiti, jumla ni 71 kamili. Mkono unagota mezani. Mfanyakazi hawezi kusogea, anakaa mbali na kompyuta, anainama kuifuata, na baada ya wiki mbili bosi wake anakupigia simu kusema viti vyako vinaumiza mgongo. Kumbe kilichokosekana ni mkono kushuka sentimita mbili tatu. Mteja anayenunua viti mara nyingi meza anazo tayari. Mwombe akupe vipimo vyake kabla hujaagiza, hata kama ataona unamsumbua.

Waliobuni mikono hii hawakukubaliana njia. Mwaka 1999 walitoka Marekani viti viwili vilivyofikiri kinyume. Freedom, kilichobuniwa na Niels Diffrient kwa kampuni ya Humanscale, kiliunganisha mikono yote miwili kwa nyuma: ukipandisha mmoja, wa pili unapanda nao. Diffrient alitaka mtu akae tu bila kuhangaika na vitufe. Leap cha Steelcase kiliuacha kila mkono ujitegemee, upande na kushuka, uende ndani na nje, mbele na nyuma, na ugeuke. Mwaka 2013 Steelcase hao hao wakaleta Gesture, baada ya kuchunguza jinsi watu 2,000 katika nchi 11 wanavyokaa wakiwa na simu na vifaa vingine, na mikono yake huzunguka karibu kama bega la mtu. Viti hivyo ni nadra kuvikuta kwenye fuso linaloelekea Rusumo. Lakini mawazo yake yamo, kwa bei ndogo na plastiki nyembamba zaidi.

Meno na kitufe

Kwenye katalogi kiwanda kitakuandikia 1D, 2D, 3D au 4D. Mkono wa 1D hupanda na kushuka basi. Wa 4D hupanda na kushuka, husogea ndani na nje, mbele na nyuma, na kichwa chake hugeuka. Hapo katikati viwanda havina lugha moja: 2D ya huyu si 2D ya yule. Dai video inayoonyesha kila mwendo wa mkono utakaoletewa.

Ndani hakuna maajabu. Nguzo inasimama kutoka kwenye bamba la chuma lililofungwa chini ya kiti, na gamba la plastiki linateleza juu yake. Ubavuni mwa nguzo kuna safu ya meno. Ulimi mdogo unaosukumwa na springi huingia katikati ya meno na kushika, na kitufe huuvuta utoke. Aina nyingine haina kitufe. Unauinua mkono, unalia kak-kak mpaka juu kabisa, kisha unaachia na kushuka hadi chini uanze upya. Hii ni rahisi kutengeneza, lakini mtu akikivuta kiti kwa kukishika mikono anaweza kuupandisha bila kutaka. Mimi siipendi.

Kila mwendo unaoongezwa unahitaji kipande kimoja kiteleze juu ya kingine, na vipande vinavyoteleza lazima viachiwe nafasi kidogo. Nafasi ndogo chini kwenye nguzo huonekana kubwa kule juu unapowekea kiwiko. Mkono mzuri wa 4D hupunguza hilo kwa vipande vilivyokatwa kwa usahihi na kwa alumini au nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Mkono rahisi wa 4D una mahali pengi zaidi pa kulegea, na mteja atauona unacheza kama jino bovu hata kabla haujavunjika. Kwa pesa ile ile, mimi ningechukua mkono wa kupanda na kushuka tu ulio imara kuliko wa 4D unaotikisika. Najua dukani ule wa 4D ndio unaouzika haraka. Swali ni nani atapokea simu mwezi wa sita.

Maana kuegemea si kazi ngumu kwa mkono wa kiti. Kazi ngumu ni pale mtu anaponyanyuka. Hapo hausukumi chini tu, anausukuma na nje kidogo. Mkono ukiwa umepandishwa hadi mwisho, nguzo inageuka nyenzo ndefu, ile tuliyochorewa ubaoni shuleni, na nguvu inakwenda kuzidi kule chini kwenye bolti. Bolti zimeshika nati, na nati zimeshika ubao. Ubao wangu ulishindwa.

Kiwango cha Marekani cha viti vya ofisi, ANSI/BIFMA X5.1, kina jaribio la jambo hilo hilo. Kila mkono hubanwa kwa nguvu ya nyutoni 400, karibu uzito wa kilo 40, kwa mwelekeo ulioinama nyuzi 10 kutoka wima, mara 60,000. Mtu anayenyanyuka mara 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufikisha idadi hiyo baada ya miaka 10. Ulaya nao wana EN 1335. Muuzaji akikuandikia neno BIFMA kwenye tangazo, mwombe ripoti ya maabara na uisome jina la kilichopimwa. Bomba la gesi na magurudumu huweza kupimwa peke yake, na ripoti ya gurudumu haisemi lolote kuhusu mkono. Linganisha namba ya modeli na picha na kile unachouziwa.

Kama huna ripoti, una mwili wako. Kaa. Pandisha mikono yote hadi juu, kisha nyanyuka kwa kuisukuma kwa uzito wako wote, mara kumi, bila aibu ya muuzaji. Ishike kwa juu uisukume nje. Pindua kiti uhesabu bolti za kila mkono: nataka tatu kuliko mbili, bamba la chuma lisilopinda, na ubao mnene. Angalia kitufe kilipo. Kikiwa mahali ambapo vidole hufikia mtu anaponyanyuka, siku moja mkono utashuka akiwa ameuegemea.

Kwa wanaouza pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, kuna adui mwingine. Mto wa juu ya mkono mara nyingi ni poliurethani, na zile za bei rahisi huliwa na unyevu. Kwanza zinanata, kisha zinapasuka na kuacha unga mweusi kwenye mikono ya shati. Haziokolewi na kukaa ndani ya nailoni kwenye stoo yenye joto. Usinunue za kukaa miaka miwili ghalani. Na pima umbali wa kati ya matundu ya skrubu chini ya mto huo, uuandike kwenye daftari, kwa sababu siku ya kutafuta mto wa kubadilisha, kipimo hicho ndicho kitakachokusaidia.

Vipuri ni sehemu ya ubunifu pia. Mikono inayogeuka na kusogea aghalabu ina kulia na kushoto, na wa kushoto hauwezi kufungwa kulia. Iko mingine iliyobuniwa iingie pande zote mbili, na hiyo inakupunguzia nusu ya akiba. Unapoagiza viti mia, jadiliana na kiwanda kikuwekee jozi kadhaa za ziada na mfuko wa bolti ndani ya kontena hilo hilo. Kuomba kabla ya kulipa ni rahisi. Kuomba baadaye, kwa mkono mmoja wa kushoto unaotakiwa Goma, utajibiwa ukiwa umeshasahau.

Fundi wa Keko hakuhitaji kipuri. Alikata kipande cha plaiwudi nene, akakibana juu ya ule ubao mwembamba, akatoboa matundu mapya na kupitisha bolti ndefu zaidi zenye washa pana upande wa pili. Alipomaliza kulia, akafungua na kushoto bila kuniuliza. Nati moja ya upande huo ilimtokea mkononi kabla hajagusa spana.