Gauni la Kaskazi Kutoka Karatasi Kuukuu

Kaskazi inapoanza kuvuma na jua la Januari likakita utosini, hakuna anayetaka nguo nzito mwilini. Iwe ni Lamu, Garissa au Kisumu, kilio ni kimoja: joto! Aghalabu tunajua njia mbili tu za kupata gauni jepesi. Ya kwanza ni mitumba, ambako utapata gauni zuri kweli lakini lililokatwa kwa mwili wa mtu mwingine kabisa. Ya pili ni fundi wa barazani, naye tunamheshimu, ila msimu wa sherehe atakwambia "njoo kesho" mpaka hizo kesho zikuishie. Katika makala haya nataka kueleza njia ya tatu, yaani kujishonea mwenyewe kwa paterni ya zamani, na hasa kueleza kwa nini wengi wanaojaribu njia hiyo hutoka na gauni linalobana huku na kupwaya kule.

Paterni, kwa asiyeijua, ni vipande vya karatasi nyembamba vilivyokatwa kwa umbo la kila sehemu ya nguo: mbele, nyuma, mkono, kola, mfuko. Kwa Kiswahili cha vitabuni tungeviita violezo, lakini ukimwambia fundi "nipe kiolezo" atakukodolea macho, kwa hivyo nami nitasema paterni kama yeye. Unavipanga vipande hivyo juu ya kitambaa, unavibana kwa pini, unakata, kisha unaunganisha. Aliyeigeuza kazi hii kuwa biashara kubwa yenye saizi mbalimbali alikuwa Ebenezer Butterick, fundi wa mji wa Sterling, Massachusetts, huko Marekani, mwaka wa 1863. Wakati huo cherehani zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, maana Isaac Singer alikuwa amepata hataza ya cherehani yake mwaka wa 1851. Baadaye wakaja McCall's, Vogue, na Simplicity mwaka wa 1927. Kule Offenburg, Ujerumani, Bi. Aenne Burda alianza mwaka wa 1950 kutoa jarida lililokuja kujulikana kwa paterni zake.

Kwani kuna haja gani ya kuhangaika na karatasi za zamani? Iko haja. Nguo nyingi za siku hizi hushika mwili kwa sababu kitambaa chenyewe kinavutika. Nyuzi za kuvutika za aina ya spandeksi zilibuniwa mwaka wa 1958, na zilichukua muda kuenea. Kabla ya hapo gauni la pamba lilikaa vizuri kwa nguvu ya mkato peke yake: dati kifuani, dati kiunoni, mshono wa bega uliowekwa mahali pake. Pamba hunyonya jasho, na sketi yenye marinda huruhusu upepo kupita. Kwa joto letu, gauni la namna hiyo ni dawa. Tena paterni zenyewe hazijapotea. Ziulizie kwa nyanya aliyekuwa mshonaji, au kwa mwalimu wa Sayansi Kimu ambaye hatupi kitu.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Mtego mkubwa wa paterni ya zamani ni ile namba iliyoandikwa kwenye bahasha. Chukua saizi 14 ya Kimarekani. Kabla ya katikati ya miaka ya 1950, saizi 14 ilikuwa ya mwenye kifua cha inchi 32. Kuanzia hapo mpaka 1967, saizi 14 hiyo hiyo ikawa ya inchi 34. Makampuni yakabadilisha tena mwaka wa 1968, ikawa ya inchi 36. Namba moja, miili mitatu! Na hapo bado hatujataja namba za madukani leo, ambazo zina ulimwengu wake. Kwa hivyo msichana anayesema "mimi navaa 14" akaanza kukata papo hapo, amekwisha kuharibu kitambaa chake kabla mkasi haujafika nusu. Geuza bahasha. Nyuma utakuta kipimo cha kifua, kiuno na nyonga kwa inchi. Hicho ndicho cha kusoma.

Hata hivyo, vipimo hivyo navyo vina historia yake, na ni vyema tuijue. Katika miaka ya 1939 na 1940 serikali ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1941. Viwango vya saizi vilivyotolewa huko mwaka wa 1958 vilitokana na kazi hiyo. Wanawake wasio Wazungu waliopimwa, vipimo vyao viliwekwa kando. Nani basi ashangae paterni ikimkataa nyonga binti wa Kakamega au wa Malindi? Saizi 14 ya 1968 humtarajia mtu mwenye kifua cha inchi 36 na nyonga 38. Wapo wenye mwili huo, sikatai. Lakini ukiwa na kifua cha 36 na nyonga za 42, hapana kasoro yoyote mwilini mwako. Ni karatasi tu haikukufikiria, na karatasi inarekebishika.

Anza kwa kujipima, na usijipime peke yako, maana ukiinama kuisoma futi kipimo hubadilika. Muombe dada au rafiki. Vaa nguo ya ndani utakayoivaa na gauni hilo. Fungeni uzi kiunoni, mahali unapokaa wenyewe ukijipinda upande, ili mjue kiuno kiko wapi hasa. Pimeni kifua, kiuno na nyonga pale zilipojaa zaidi. Msisahau urefu wa mgongo, kutoka ule mfupa wa shingo hadi kwenye uzi. Kipimo hicho cha mwisho wengi hukiruka, nacho ndicho kinachoamua kama kiuno cha gauni kitakaa kiunoni au kitapanda mbavuni. Andika yote. Usijipunguzie hata nusu inchi kwa ajili ya haya. Futi haimsengenyi mtu.

Chagua paterni kwa kipimo cha kifua. Sababu yake ni kwamba shingo, mabega na matundu ya mikono ni kazi ngumu kurekebisha, ilhali nyonga ni rahisi. Tuseme paterni ina nyonga za 38 nawe una 42. Tofauti ni inchi 4. Gauni lina kingo nne za ubavuni, mbili za mbele na mbili za nyuma, basi kila ukingo utaongezewa inchi 1, ukianza na sufuri kiunoni na kupanuka taratibu kuelekea chini. Na kama sketi ni ya marinda mengi, pengine huna haja ya kuongeza chochote hapo. Kumbuka pia kuwa paterni imekwisha kuachiwa nafasi ya kupumua, aghalabu inchi 2 hadi 4 kifuani. Ukiongeza yako juu ya hiyo utaonekana umevaa gunia.

Karatasi ya asili usiikate wala usiichore. Ni nyembamba na haina badala yake. Inyooshe kwa pasi ya uvuguvugu isiyo na maji, hesabu vipande uone kama vimetimia, kisha viandikie nakala kwenye karatasi ya kaki au magazeti ya zamani. Marekebisho yote fanyia kwenye nakala. Paterni kuukuu sana huwa haina maandishi hata kidogo, ina vitundu tu. Karatasi ya maelezo ndiyo itakwambia vitundu vipi ni vya dati na vipi vya kuelekeza uzi wa kitambaa. Chunguza pia nafasi ya mshono. Paterni nyingi za Kimarekani zimeiweka ndani tayari, mara nyingi inchi 5/8, yaani kama sentimita moja na nusu, ingawa za zamani zaidi zinaweza kuwa na nusu inchi. Zile za jarida la Burda hazikuwa nayo. Huna budi kuiongeza mwenyewe. Asiyelijua hili hushona gauni la mtoto.

Kabla ya kukigusa kitambaa chenyewe, shona gauni la majaribio. Hapa ndipo wengi husema "ah, mambo mengi," na hapa ndipo hupotea. Nunua marekani, ile pamba isiyopaushwa ambayo bei yake ni ndogo, au tumia shuka kuukuu. (Jina la marekani lilitokana na meli zilizokuwa zikileta kitambaa hicho Zanzibar katika karne ya 19 kutoka Salem, Massachusetts, jimbo lile lile la fundi Butterick. Dunia ni ndogo.) Kata sehemu ya juu na kipande cha sketi, uziunganishe kwa bandi ndefu, mikono iache kwanza. Livae upande wa ndani ukiwa nje, simama mbele ya kioo, umwite yule rafiki na pini zake.

Mikunjo ya kitambaa itawasemesha. Mikunjo inayovutwa kutoka kifuani kuelekea kwapani huonyesha kwamba kifua kimekosa nafasi. Ncha ya dati ielekee kilele cha kifua na iishie kama inchi moja kabla ya kukifikia. Katika paterni za miaka ya 1950 dati hizo mara nyingi huwa juu mno kwetu, maana sidiria za enzi zile zilikinyanyua kifua na kukichongoa. Zishusheni mpaka zitulie. Mkiona mkunjo uliolala kiunoni kwa nyuma, juu tu ya makalio, mgongo wako umebonyea hapo na kitambaa kimezidi urefu. Mkunjo huo ukunjeni kwa pini katikati ya mgongo, mkiupunguza hadi uishe kabisa ubavuni, kisha karatasi nayo ikunjwe vivyo hivyo. Hili la mgongo huwasumbua wengi wetu, na dawa yake ni hiyo ndogo tu.

Nimeliweka tundu la mkono mwisho kwa sababu ndilo linaloaminika vibaya kuliko yote. Paterni za zamani hulikata juu, karibu na kwapa. Ukilijaribu utaona kama linakugusa, na mkono utawasha kuchukua mkasi ulipanue. Ngoja kwanza! Inua mkono kama unayemjibu mwalimu darasani. Tundu lililo juu huuacha mkono uende nalo gauni likabaki mahali pake. Ukilichimba kushuka chini, kila unapoinua mkono gauni zima litapanda nawe, kiuno kikafika mbavuni. Ikiwa kweli linakata ngozi, pogoa robo inchi tu, ujaribu tena.

Yote yakikaa sawa, fungua bandi, hamishia mabadiliko kwenye karatasi, sasa ndipo ukiendee kitambaa. Kwa kaskazi napendelea poplini au kitenge cha pamba tupu. Kwanza kiloweke, kikauke, ukipige pasi: pamba hurudi, na ile wanga ya kiwandani huondoka. Gauni lililokatwa kabla ya kufuliwa litakutosha siku moja. Kitenge huwa na upana wa kama inchi 45, ilhali bahasha nyingi za zamani zilipiga hesabu kwa vitambaa vya inchi 35 au 39, hivyo panga vipande vyote kwanza, huenda ukabakiwa na cha kufanyia mkoba. Mshale wa kwenye karatasi uende sambamba na ukingo wa kitambaa, yaani ufuate nyuzi za mtande. Ukikata hanamu pasipotakiwa, gauni litajinyonga mwilini baada ya kufuliwa. Kwa kitenge chenye ndege au maua makubwa, hakikisha vichwa vyote vinatazama juu, na duara kubwa lisikae kifuani kama shabaha.

Na leso je? Inawezekana, hasa kwa gauni lisilo na mikono, ambapo pindo la leso hugeuka kuwa pindo la gauni na kupendeza kweli. Lakini soma jina lake kabla ya kukata, ukague maneno yataangukia wapi. Nusu ya methali juu ya makalio imewafanya watu wacheke nyuma ya mwenzao njia nzima.

Shona dati kwanza, kisha mabega, kisha ubavu, ukipiga pasi kila mshono kabla ya kuvukana na mwingine. Sketi ikiwa imekatwa duara, usiipige pindo siku hiyo hiyo. Itundike gauni zima usiku kucha, kwa maana zile sehemu zilizokaa hanamu zitavutika kwa uzito wake na kushuka kuliko nyingine. Asubuhi livae, simama wima bila kuinama, na yule rafiki azunguke na rula kutoka sakafuni akitia pini kwa kimo kile kile pande zote. Hapo ndipo ukunje pindo.