Kabla Fundi wa Stima Hajagusa Soketi, Uliza Leseni ya EPRA

Soketi ikiharibika, wakazi wengi wa Kakamega humwita fundi waliyeelekezwa na jirani. Fundi akifungua kifuniko, akakaza waya na redio ikaanza kuimba, hulipwa na kwenda zake. Hata hivyo, redio kuimba hakuonyeshi kwamba soketi ni salama. Kasoro nyingi zinazosababisha moto au kumrusha mtu hukaa ndani ya ukuta, na vyombo huendelea kufanya kazi kama kawaida mpaka siku ya hatari.

Kwa sababu hiyo, sheria haimruhusu kila mwenye testa na bisibisi kufunga umeme nyumbani. Kazi hiyo ni ya fundi aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA), inayosimamia sekta hii chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019.

Kwa nini soketi "nzima" inaweza kuua

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Soketi hupokea nyaya tatu: wa moto, wa nyutro na wa ardhini. Chombo huwaka kwa kutumia nyaya mbili za kwanza tu. Fundi asiyejali anaweza kuuacha waya wa ardhini bila kuuunganisha, na mwenye nyumba asigundue lolote.

Hatari huja siku ambayo waya wa moto umechubuka ndani ya pasi au jiko la umeme na kugusa bati la nje. Waya wa ardhini ukiwepo, umeme mwingi hupita humo kwa ghafla, fyuzi huungua au sakiti breka hujizima. Usipokuwepo, bati hubaki na umeme na kumngoja mtu wa kulishika. Akiwa peku kwenye sakafu yenye unyevu, mwili wake ndio unaogeuka njia ya umeme kwenda ardhini.

Kasoro nyingine ni waya uliolegea, ambao hupata joto kidogo kidogo hadi plastiki iyeyuke. Waya mwembamba kupita kiasi nao hupata joto. Kwa kawaida taa hufungwa kwa waya wa milimita 1.5 mraba, na soketi kwa wa milimita 2.5 mraba. Anayetumia waya wa taa kwenye soketi ili kupunguza gharama huweka chanzo cha moto ndani ya ukuta.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Mafundi wengi huonyesha karatasi, lakini si kila karatasi ni leseni.

Ya kwanza ni cheti cha mafunzo, kutoka chuo cha ufundi au mtihani wa NITA. Hiki huonyesha kwamba mtu amesoma kazi.

Ya pili ni kibali cha biashara cha kaunti. Hiki humruhusu mtu kuendesha duka au karakana. Hakipimi ujuzi wake wa umeme, na kaunti haitoi leseni za mafundi wa stima.

Ya tatu ni idhini ya EPRA, na hiyo ndiyo ya kuulizia. EPRA huidhinisha mafundi binafsi na pia wakandarasi, kwa madaraja. Daraja la C-2 ni la umeme wa fezi moja, ambao ndio ulio katika nyumba nyingi za kuishi. Madaraja ya juu ni ya kazi kubwa zaidi.

Hatua za kufuata

1. Omba jina kamili la fundi na nambari ya leseni, kisha uzilinganishe na orodha iliyo kwenye tovuti ya EPRA, epra.go.ke. Hakikisha leseni haijapitwa na wakati.

2. Hakikisha mwenye leseni ndiye anayefanya kazi au anayeisimamia akiwa hapo. Leseni ya mtu aliye mjini haimlindi mkazi wa Malava au Butere ikiwa kazi imefanywa na mtu mwingine.

3. Patana bei kwa maandishi, vifaa na ufundi vikitenganishwa.

4. Nunua soketi na nyaya zenye alama ya KEBS. Nambari iliyo chini ya alama inaweza kuthibitishwa kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023.

5. Kabla ya kulipa, mwombe fundi apime waya wa ardhini na soketi zote ukiwa hapo.

6. Kwa nyumba inayofungwa nyaya upya, dai cheti cha kukamilisha kazi chenye saini na nambari ya leseni. Kenya Power huhitaji cheti hicho kabla ya kuunganisha umeme mpya.

Nyumba za redi bodi

Baadhi ya nyumba za vijijini zilizopata umeme kupitia mpango wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015, zilifungiwa bodi moja yenye swichi na soketi chache. Familia ikiongezeka, waya huvutwa kutoka hapo hadi jikoni, chumba cha pili na hata banda la kuku. Bodi hiyo haikukusudiwa kubeba nyumba nzima. Anayetaka soketi zaidi amwite fundi mwenye leseni afunge nyaya upya.

Vilevile, soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari vimepita kiwango hicho.

Dalili za kuzima swichi kuu mara moja

Zima swichi kuu na umwite fundi ukiona soketi imebadilika rangi, ina joto, inanuka plastiki iliyoungua, inatoa cheche, au chombo kinakurusha ukikigusa. Usifungue soketi iliyoloa maji ya mvua. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi ili kuwe na kumbukumbu.

Ikiwa hitilafu iko kwenye mita, nguzo au waya unaoingia nyumbani, hiyo ni kazi ya Kenya Power, na fundi wa mtaani haruhusiwi kuigusa. Piga 97771. Nyaya zilizo baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba, na ndizo zinazohitaji fundi mwenye leseni ya EPRA.